Wasome, ila ukurasa ule wasiusome peke yao

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ni sawa watoto wasome Harry Potter, kwa kuwa vitabu vile vimejaa uchawi. Fimbo na ufagio havinisumbui. Kinachoniuma ni ukurasa mmoja mwanzoni mwa kitabu cha tatu, cha mwaka 1999. Harry, mvulana anayesomea uchawi, anaandika insha ya shule juu ya wachawi waliochomwa zamani, na anasoma kwamba moto haukuwadhuru. Waliupoza kwa tamko, wakajifanya wanalia. Mmoja, Wendelin, alinogewa hadi akajiachia akamatwe mara 47.

Mpwa wangu aliusoma kwa sauti hapa Nyakato, Mwanza, akacheka. Mimi nilimkumbuka bibi jirani yetu kule Misungwi. Kuni zilikuwa za shida, akipikia samadi iliyokauka katika nyumba isiyo na dirisha, na moshi ukamwekundisha macho. Ndama wa watu walipoanza kufa, macho yale yakawa ushahidi kwamba ni mchawi. Watoto tukakatazwa kupita kwake. Mama peke yake aliendelea kunituma na maziwa. Nilikuwa nayaweka kizingitini na kutimua mbio, naye ananiita kwa jina langu, ananishukuru, anauliza mama kaamkaje. Kibuyu hakikurudi kitupu hata siku moja. Kilioshwa, kikatiwa karanga. Usiku mmoja wanawe wakaja kumhamishia mjini, maana vikao vilishakaliwa. Mabibi wa vijiji vingine hawakuwahiwa. Usukuma nzima tunajua walivyokatwa mapanga.

Na Ulaya hakuna aliyepoza moto. Kati ya karne ya 15 na ya 18 wanakadiriwa kuuawa watu 40,000 au zaidi, wengi wao wanawake. Uingereza waliwanyonga, hadi sheria ya mwaka 1735 ilipofuta mashtaka hayo. Nicolas Flamel, anayetajwa katika kitabu cha kwanza kuwa na jiwe la kutengeneza dhahabu, naye alikuwepo kweli, mwandishi wa Paris aliyefariki mwaka 1418. Alikuwa na mali, basi baada ya kufa akazushiwa kwamba alijua kutengeneza dhahabu. Tajiri huzushiwa dhahabu, bibi maskini huzushiwa vifo vya ndama.

Nilianza barua hii nikitaka vitabu hivi vifungiwe kabatini. Lakini mpwa wangu alipomaliza kucheka aliniuliza, "Mjomba, kwani kweli walikuwa wachawi?" Bila ukurasa ule asingeuliza. Basi wasome. Ila si mtoto wa miaka saba, na mtu mzima awe karibu wa kumjibu. Na kama nyumbani yupo bibi aliyewahi kukimbizwa kijijini, aulizwe yeye kwanza kama usomwe mbele yake.