Likizo ndefu bila karo: jifunze jedwali moja, ulimalize

Wadogo zangu, mitihani imeisha juzi na tayari mmejiandikisha kozi sita za bure kwa siku moja. Python, usanifu wa picha, Kijerumani, uhasibu. Video ya kwanza mmeitazama, ya pili imekwama katikati. Kila mwaka huwa hivyo, na chuo kikifunguliwa kinachobaki ni bando lililokwisha. Chagueni ujuzi mmoja. Mimi nasema jedwali la hesabu (spreadsheet), kwa kuwa huwezi kukaa ofisi yoyote ya mafunzo ya kazini wiki nzima bila kuwekewa moja mbele yako.

1. Bando. Mhadhara wa mtu anayeongea utazame kwa ubora wa picha wa 360p. Video ya jedwali itazame kwa 480p, la sivyo namba kwenye seli, yaani vijumba vya jedwali, hazisomeki. LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, pakua mara moja tu, ni takriban MB 350, kisha zima data: Calc, sehemu yake ya majedwali, haihitaji intaneti. Ukikosa utulivu nyumbani na uko Nairobi, kuna maktaba ya Buruburu, ya Kaloleni na ya Makadara. Nenda asubuhi, viti havijajaa.

2. Acheni kutazama, chapeni. Omba daftari la mauzo la duka la mtaani kwenu, siku 30, na umwahidi mwenye duka kwamba hesabu zake hazitaonekana na mtu mwingine. Safuwima sita zatosha: tarehe, bidhaa, idadi, bei ya kununua, bei ya kuuza, faida. Faida kwenye F2 (safuwima F, mstari wa 2) ni =(E2-D2)*C2, halafu uiburute hadi chini.

Hapa ndipo kila mwaka watu huumia, kwa hiyo someni polepole. Mtu anaandika "Ksh 65" ndani ya seli badala ya 65. Kwa kompyuta hayo ni maandishi, si namba. Kwenye faida utaona #VALUE! na utashtuka, na heri ushtuke. Hatari iko kwenye jumla. Ukiweka =SUM(C2:C91), fomula ya kujumlisha, na mahali pawili umeandika "mikate 3", SUM inaziruka seli hizo kimya kimya. Hakuna alama nyekundu wala onyo. Jumla inatokea safi, inachapishwa, inapelekwa kwa mkubwa, nayo ni pungufu. Mtu anaweza kukesha akitafuta kosa kwenye fomula ilhali fomula haina kosa lolote.

Dawa yake ni hii. Tazama namba zimeegemea wapi: namba halisi hukaa kulia mwa seli, maandishi hukaa kushoto. Bonyeza Ctrl na F8: namba zitageuka buluu, fomula kijani, maandishi yatabaki meusi. Kisha linganisha =COUNT(C2:C91) na =COUNTA(C2:C91). Ya kwanza huhesabu namba tu, ya pili huhesabu kila seli iliyojazwa. Ukipata 88 na 90, kuna seli mbili za kusaka. Neno "Ksh" liandikwe kwenye kichwa cha safuwima, mara moja, basi.

Tarehe nazo zina ugonjwa wa namna hiyo. Kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani husoma 6/5/2025 kuwa tarehe 5 Juni, na 13/5/2025 ikaiacha kuwa maandishi, maana hakuna mwezi wa 13. Andika 2025-05-13 na hutabishana nayo tena.

3. Vyeti. Msilipie haraka. Vya freeCodeCamp, tovuti ya kufundisha kuandika programu, ni bure. CS50, kozi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, ina cheti cha kulipia kwenye tovuti ya kozi ya edX, lakini ukiisomea kwenye tovuti ya CS50 yenyewe na kupata angalau asilimia 70 katika kila zoezi na mradi wa mwisho, unapewa cha bure.

4. Kijerumani kinaweza kungoja. Kikishindikana kungoja, Deutsche Welle, shirika la utangazaji la Ujerumani, wanakifundisha bure kuanzia A1, ngazi ya mwanzo kabisa.

5. Siku ya 30, rudi dukani na karatasi moja: bidhaa tano zilizoleta faida kubwa, na jumla ya mauzo ya mwezi. Mwombe mwenye duka ailinganishe na pesa alizopokea, taslimu na za M-Pesa pamoja. Zikipishana, usianze kumweleza. Fungua laptopu hapo hapo kwenye kaunta, bonyeza Ctrl na F8, mtafute pamoja seli nyeusi.