Jibu: Chembe za maziwa zinaelekea upande mmoja chini ya hadubini

Habari ya jioni mwalimu, pole na kazi. Umesema katika jaribio lako la mwendo wa Brown (chembe kutikisika ovyo kwa kugongwa na molekuli za maji), chembe za maziwa zinaelekea upande mmoja, na wastani wa mraba wa umbali zinaosafiri unakua kwa mraba wa muda, badala ya kwenda sambamba na muda wenyewe. Basi unachopima ni mkondo wa maji, siyo misukumo nasibu ya molekuli.

Anza na kingo za kioo cha juu, kile chembamba kinachofunika tone. Nami nipo Dodoma, na kiangazi hiki hewa ni kavu mno: maji yanakauka pembeni na kuvuta chembe zote huko. Nilihangaika wiki nzima nikidhani hesabu zangu ndizo mbovu! Nikaziba kingo kwa rangi ya kucha, nikasubiri dakika kumi, mkondo ukatulia. Ukibaki kidogo, toa wastani wa mwendo wa chembe zote kwenye mwendo wa kila moja, ndipo upige mraba.

Pima pia joto la maji yenyewe, maana taa ya hadubini huyapasha. Kutoka nyuzi 20 hadi 30 mnato wa maji (ukinzani wake wa kutiririka) hushuka kwa takriban asilimia 20, na fomula ya Einstein ya 1905, inayokokotoa kasi ya chembe kusambaa, inagawanya kwa mnato huo.

Ukishaziba, weka grafu mpya hapa tuitazame.