Changarawe yenye dhahabu juu ya kilima ilifikaje huko?
Haikupandishwa na mafuriko, ndugu. Hapo juu ndipo mto ulipokuwa. Changarawe hiyo ni sakafu ya mto wa kale. Mto wa sasa umeendelea kuchimba bonde hadi ukaiacha ubavuni mwa kilima. Kule California mito ya mamilioni ya miaka ilifukiwa na majivu na lava, kisha ardhi ikainuka na mito mipya ikakata chini zaidi. Kuanzia 1853 wachimbaji wakavibomoa vilima vile kwa maji ya presha, mpaka 1884 Jaji Lorenzo Sawyer alipopiga marufuku kumwaga kifusi mitoni. Mashamba ya bondeni yalikuwa yanazikwa na tope.

Ila usichote juujuu. Dhahabu ni nzito kuliko maji mara 19 hivi, kokoto za kwatzi hazifiki hata mara 3, kwa hiyo inashuka mpaka kwenye mwamba na kujibana kwenye nyufa. Mimi huanza kwa kukwangua nyufa hizo kwa kijiko, ndipo naosha nilichokwangua kwenye karai. Ukibaki na mchanga mweusi unaovutwa na sumaku, maji yalikuwa yanaangusha vitu vizito hapo, ingawa mchanga huo peke yake hauthibitishi kitu (wengi umewatia hasara). Zitazame na chembe zenyewe za dhahabu: zenye kingo kali hazijatoka mbali na mshipa wake (ufa wa mwamba zilimozaliwa), zilizobapa na kulainika zimesafiri.