Ukinunua chensoo kuukuu, rangi iwe ya mwisho

Wiki iliyopita kaja kijana hapa kwangu Masasi kabeba chensoo, msumeno wa injini, kwenye kiroba, kaipata Nachingwea kwa bei ya kutupa, macho yanamng'aa. Nafungua kiroba nakuta mashine imeshapigwa rangi, yaani chungwa tupu, mpaka skrubu za kabureta zimepakwa. Namuuliza pistoni umeiangalia? Ananiambia kaka ngoja kwanza niiwashe uisikie. Nikamshika mkono asivute kamba. Huyu ni wa tatu mwaka huu, na nawapenda hawa vijana kwa sababu wanahangaika, lakini jamani mnanichosha. Wadogo zangu mnaoanza, someni hii kabla hamjavuta.

1. Ijue kwanza ni mashine gani. Stika zinabanduka, ila namba zilizotokeza kwenye bodi yenyewe zinabaki. Stihl za Mjerumani, 070 na 090, namba za spea zao nyingi zinaanza na 1106 na kwa nje ni kama mapacha, kwa hiyo usimpigie mtu wa Kariakoo akutumie pistoni kwa kuangalia umbo. Fungua silinda upime kipenyo chake kwa venia, kile kipimo cha milimita, 58 mm ni 070, 66 mm ni 090, ndiyo maana moja ina cc 106 na nyingine 137. Ukikuta imeandikwa West Germany ujue ni ya kabla Wajerumani hawajaungana 1990. Kopi za Kichina za 070 zipo nyingi tu na zinakata, ila usizilipie bei ya Mjerumani.

2. Toa ekzosi kabla hujatoa hela. Chungulia kwenye lile tundu, pistoni ikiwa na michirizi upande huo hiyo mashine ilishawahi kuungua. Halafu inyanyue kwa kamba ya kuwashia, ikishuka kwa kusitasita ina pumzi, ikiporomoka moja kwa moja kimya mwachie mwenyewe, au mlipe bei ya spea.

3. Moto wa plagi. Hizi za zamani nyingi zina platini na kondensa, vidude vya kuwasha plagi, vimejificha nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito upande wa kamba. Nimeshanunua mashine zilizoitwa mbovu kabisa nikakuta ni platini imeota kutu, msasa laini dakika kumi imewaka. Na klachi inafunguka kinyume, unazungusha kulia, nyundo iacheni.

4. Oili sili, zile pete za mpira zinazoziba hewa kwenye ncha mbili za shafti ya injini. Hapa nitakaa kidogo.

Chensoo yangu ya kwanza kubwa, 070, hela alinipa mjomba. Alikuwa ameshalipwa korosho zake, akaniita akanihesabia 150,000 mkononi, akasema katafute mashine, tutagawana kazi. Wa huku kwetu mnajua hela ya mjomba ina uzito gani. Nikaipata, nikaisafisha siku tatu na mswaki na petroli, ikawaka mvuto wa tano, nikawa nacheka peke yangu. Shida ikawa moja, ikiwa baridi inatulia vizuri, ikishapata moto inapiga resi yenyewe, ukiachia mafuta inachelewa kushuka. Mzee mmoja fundi akaisikiliza akiwa amesimama tu pale barabarani, akaniambia mwanangu hiyo inavuta hewa, badilisha sili zote mbili, ya flaiwili na ya klachi. Nikamwitikia sawa mzee. Hela iliyobaki nikanunulia rangi na baa mpya, kile chuma kirefu ambacho cheni inazunguka. Sili zilikuwa bei ndogo kuliko hilo kopo la rangi, hili ndilo linaniuma mpaka leo.

Kila ikipanda nazungusha skrubu ya kabureta, inatulia kidogo, kesho yake inapanda tena, nazungusha tena. Tukaenda Nanyamba, kulikuwa na mikorosho sita mizee ya kuangusha, mjomba kaja mwenyewe kuangalia, kakaa kivulini. Mkorosho wa kwanza mashine ikaimba, sauti nyembamba juu kabisa, watu wakasifia, na mimi nikaamini sauti ile ndiyo nguvu. Wa pili, katikati ya shina, ikalia kama imekabwa ikazima. Kamba haivutiki. Pistoni imeyeyukia kwenye silinda.

Sikilizeni kwa nini. Injini ya tu-stroki kama hizi haina oili yake pembeni, oili inakuja na petroli humo humo. Sili ikikauka hewa inaingia bila kupita kwenye kabureta, petroli inapungua ndani, na oili nayo inapungua, joto linapanda, ndio sauti inakuwa tamu. Ile sauti tamu ni kifo. Kabureta ikikaa sawa, ukipiga resi ya mwisho cheni ikiwa hewani mashine igugumize kidogo, ikishika mti ndiyo inyooke. Plagi ukiitoa iwe rangi ya chokoleti, ikiwa nyeupe zima hapo hapo.

Mjomba hakunigombeza. Alinyanyuka, akapangusa kanzu, akasema twende nyumbani. Ile kazi ya kugawana hakuitaja tena mpaka nilipomrudishia hela yake msimu uliofuata.

5. Mchanganyiko ni mililita 40 za oili ya tu-stroki kwa lita moja ya petroli, yaani 25 kwa 1, pima na chupa sio kwa jicho.

6. Silinda iliyogandwa na alumini ya pistoni usiitupe. Ndani ina kromu, kostiki soda ile ya kutengenezea sabuni inakula alumini inaacha kromu, pakaa kidogo kidogo mle ndani tu, vaa glavu na miwani, kaa nje, maana ikigusa bodi inaila nayo. Yangu niliiokoa hivyo, pistoni nikanunua.

7. Nyingi za hizi hazina breki ya cheni, simama pembeni ya baa. Na msituni usiingie bila kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali.

Yule kijana nilimwambia aiache. Jana tumeifungua wote, sili ya upande wa klachi ilikuwa ngumu kama ganda la korosho, imevunjikia mkononi mwake, akainyamazia muda mrefu. Pistoni bado nzima. Sili mpya zinakuja na basi la Dar kesho, saa hizi yupo uani anakwangua rangi kwenye kabureta.