Manga na yule paa wa Hamdani

Manga alikuwa na saa yake. Adhana ya alasiri ikitoka, yeye keshafika kizingitini, mkia ameuzungusha miguuni, anangoja vichwa vya tafi. Jina lake kamili lilikuwa Kungumanga, kwa rangi ya manyoya yake. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo alilolipata kwa kupigana na mapaka wenzake wa Kibokoni. Alikaa nasi miaka 11.

Siku mbili kabla hajafa alikataa chakula. Nilikuwa na wageni, nyumba imejaa. Nikamwekea maziwa kwenye kisahani, nikasema akishikwa na njaa atakunywa. Asubuhi ya tatu nilimkuta chini ya ngazi, na kisahani kimejaa sisimizi.

Jirani yangu, mtu mwenye huruma sana, aliniambia, "Paka tu huyo, mwanangu. Mtaa umejaa paka." Kweli umejaa. Basi nikanyamaza, nikawa nalia bafuni nimefungua maji.

Kama nawe umefiwa na mnyama na huna pa kulilia, shika kitabu cha wanyama. Lakini usianze na cha furaha. Mimi nilianza hivyo, nikaumia. Binti yangu aliniletea kisa cha Owen na Mzee, ambacho sisi wa Mombasa ni chetu kabisa: mtoto wa kiboko aliyebaki peke yake karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa Haller Park, Bamburi, akamwandama kobe mkongwe kama mamake mzazi. Kitabu kizuri. Ila Owen aliokolewa, na wangu sikumwokoa. Nilikifunga katikati. Miezi baadaye nilikirudia, nikakisoma chote na binti yangu begani.

Kilichonifungua ni ngano ya Sultani Darai, iliyomo katika mkusanyo wa Edward Steere wa 1870, alioupata kwa wasimulizi wa Unguja. Bibi yangu alitusimulia nusu yake tu: maskini Hamdani anapekua jaani, anaokota thumuni, ananunua paa, na paa huyo anamtafutia mke, jumba na mali. Nusu ya pili sikuijua mpaka nilipoisoma mwenyewe. Paa anaugua. Hamdani anaambiwa, wala hainuki kwenda kumtazama. Anasema apikiwe uji wa mtama. Mkewe analia na kumsihi, naye hasikii. Paa anakufa, anatupwa kisimani.

Nilipofika kwenye ule uji, nilikiona kisahani changu. Nililia kwa sauti, mlango wazi, watu wanapita. Nikaendelea kusoma, maana mke yule anampelekea habari babake, naye ni sultani, na Sultani huyo anakuja, anaingia kisimani yeye mwenyewe, anamtoa paa, anamzika kwa maombolezo. Sultani mzima! Tangu siku ile sikumwonea mtu haya kwa kumlilia paka.

Kwa hiyo tafuta kwanza kisa kinachogusa pale unapojilaumu, na kama inawezekana kiwe cha mnyama wa aina nyingine. Hadithi za paka sikuziweza mwaka mzima. Usome kwa sauti, tena kwa saa iliyokuwa yake. Saa ile ndiyo nzito kuliko zote, na ukiiacha tupu itakutafuna. Mimi husoma alasiri, pale pale kizingitini, kurasa mbili tatu, basi.

Baadaye nilisoma *Born Free*, cha Joy Adamson, kuhusu simba wake Elsa. Kilitoka 1960. Elsa alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe, akazikwa Meru. Maana yake, kila ukurasa wa kitabu kile uliandikwa Elsa akiwa hai, na mwandishi anaeleza tabia zake ndogondogo bila kujua kwamba muda umebaki mchache. Hapo ndipo niliponunua daftari. Nikisoma jambo linalonikumbusha Manga, naweka kitabu chini, naandika. Mstari mmoja unatosha.

Wa jana unasema: udi ukifukizwa Ijumaa, Manga hupiga chafya mara tatu, anaondoka amekasirika, kisha anarudi kulala pale pale kando ya chetezo.