Ulimswagia Ng'ombe za Mahari, Leo Wamwita Mfanyakazi

Hujambo shangazi? Baba mkubwa alifariki bila mtoto wa kiume. Mkewe, kwa mila yetu ya Kinandi, akamtolea msichana mahari na kumwoa ili nyumba ipate warithi. Mimi nilikuwa darasa la tano, nikatumwa kusaidia kuswaga ng'ombe hadi kwao. Mwezi wa tatu mama mkubwa naye ametuacha. Sasa huyo mfanyakazi wake na vijana wake watatu wamekatalia shamba la ekari sita. Ni kweli alimuuguza mama mkubwa miaka minne alipopooza, lakini alikuwa akila na kulala bure. Katiba inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, na mimi ndiye damu. Mnunuzi yupo, mpima ardhi ameshapita mara moja. Nikiwatoa nitakuwa na kosa? – Mrithi Halali, Nakuru

Pole kwa msiba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikitafuta mahali ulipomlilia mama mkubwa. Sijapaona. Mpima ardhi nimemwona.

Hebu nieleze jambo moja. Mwanzoni mwa barua huyu mama ameolewa kwa mahari. Mistari michache baadaye ni mfanyakazi. Kazi hiyo aliajiriwa lini? Maana mimi sijawahi kuona ukoo ukimpelekea yaya ng'ombe kwao, tena na mtoto wa darasa la tano nyuma na fimbo yake, vumbi hadi magotini. Uliziswaga wewe mwenyewe! Na kula na kulala bure, nani kati yenu alikuja hata usiku mmoja kumgeuza mgonjwa ubavu? Wewe ulikuwa Nakuru.

Katiba umeisoma, sikatai. Kifungu cha 45 kinazungumzia mtu wa jinsia tofauti, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema mwanamume na mwanamke. Msajili wa ndoa hatampa huyu mama cheti. Lakini yeye hajaomba cheti, anaomba asing'olewe kwake. Kifungu cha 11 cha Katiba hiyo hiyo kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Hicho kurasa zako zilikiruka? Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kesi ya urithi wa mwanamke Mnandi aliyekuwa ameoa mwanamke. Jaji Jackton Ojwang aliitambua mila hiyo, akamkubali mke na wanawe katika mali ya marehemu. Wakili wako atakwambia jaji mwingine anaweza kuona vingine. Sawa, mwambie akajaribu, ila mapitio ni mahakamani, si kwa mnunuzi.

Tena unaijua mila yenu kuliko mimi. Mama aliyeoa huhesabiwa kuwa mwanamume, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba ile. Mambo ya kitandani hayamo. Wakipsigis wanayo, Wakuria wanayo, Wakamba vilevile. Hiyo damu unayonitajia ni ya baba mkubwa, na ni nyumba yake hasa iliyokuwa ikitafutiwa watoto. Wazee walikaa, wakakubali, wakanywa maziwa ya kibuyu. Mgala muue na haki yake mpe.

Siku hizi ndoa tunaikumbuka kwenye matanga. Kijana anaishi na binti wa watu miaka kumi hapo Nakuru, hata mbuzi hajapeleka kwao. Binti akifa, ndipo anakimbia usiku kutafuta ng'ombe ili aruhusiwe kuzika. Na aliyeolewa kwa taratibu zote, wazee wakishuhudia, mumewe akiondoka anaulizwa cheti. Mila mnaitaka siku ya kula, sheria mnaitaka siku ya kugawa.

Haya, swali lako. Ndiyo, utakuwa na kosa. Hata ungekuwa mrithi peke yako duniani, huna idhini ya mahakama, na kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi (namba ileile uipendayo) kinamngoja anayeingilia mali ya marehemu: faini hadi shilingi 10,000, au kifungo hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kesi ya urithi huanza na barua ya chifu yenye majina ya wote waliobaki. Ukiwaficha wale wanne, watakuja kupinga, na hati utakayopewa itafutwa.

Jumamosi panda matatu uende, bila mpima ardhi. Beba sukari na majani. Kaa na huyo mama, mwite jina ulilokuwa ukimwita zamani, kabla hajawa mfanyakazi. Vijana wake kwa hesabu ya kwenu ni ndugu zako, na barua nzima hukuniandikia jina la hata mmoja.

Na arbuni ya mnunuzi, kama hujaimaliza, mrudishie.