Picha ya Gati la Zamani

SWALI: Mhariri, nimerithi picha ya wino inayoonyesha mashua na maghala ya mbao kando ya Mto Thames, nayo imeandikwa “Whistler 1859”. Je, ilichorwa kwa kalamu au ilichapwa?

JIBU: Ndugu msomaji, James McNeill Whistler, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1834, alichora magati ya London kwa sindano juu ya bamba la shaba lililopakwa nta, kisha tindikali ikala mistari hiyo, ikajazwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu. Kazi hiyo alijifunza katika idara ya upimaji wa pwani ya Marekani, na ndiyo maana, kwa maoni yangu, hakuna aliyemshinda katika kuonyesha kila ubao wa ghala. Picha 16 za mto huo zilitolewa pamoja mwaka 1871.

Tafadhali iinamishe picha bila kuikunja kwenye mwanga wa pembeni: ukiona ukingo wa bamba umebonyea kwenye karatasi, na mistari ya wino imeinuka kidogo, basi imechapwa kwa bamba. Usipoona hata kimoja, na badala yake lenzi ikaonyesha vitone vilivyopangwa safu safu, hiyo ni nakala ya kiwandani. Usiikate pembezoni kamwe.